Kutoka Ninyi hadi Wewe: Kusoma Agizo la Mungu wa Kike

Katikati ya ibada ya Wicca pana hotuba fupi ambayo mtu anaweza kuisoma kwa sauti kwa dakika chache tu. Kwa Kiingereza huitwa The Charge of the Goddess. Hapa nitaiita Agizo la Mungu wa Kike, au Agizo tu. Aliyelipa umbo linalojulikana leo ni Doreen Valiente, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1922 na kufariki mwaka 1999. Wanaoitambulisha dini hii kwa wageni huanza na visu, mishumaa na habari za watu wanaoabudu bila nguo. Hayo yapo, na nitayafikia. Lakini naamini mlango wenyewe ni hotuba hii, na kwamba siri yake imo katika umbo: nani anasema, anasema na nani, kwa nyakati gani za vitenzi, na nini kimeondolewa katika maandishi yaliyotangulia ili hotuba isimame. Ukiyafuata hayo utakuwa umeielewa Wicca kuliko kwa kukariri orodha ya vifaa vyake.

Kwanza historia, kwa ufupi. Wicca ni dini ya karne ya ishirini. Ililetwa hadharani na Gerald Gardner, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1884, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya Ceylon na Borneo kabla ya kuwa ofisa wa forodha huko Malaya. Alistaafu na kurudi kwao mwaka 1936. Alidai kwamba Septemba 1939 aliingizwa katika kikundi cha siri karibu na msitu wa New Forest, kusini mwa England, na kwamba kikundi hicho kilikuwa mabaki ya dini ya kale iliyonusurika karne za mateso. Mwaka 1951 Uingereza iliifuta Sheria ya Uchawi ya mwaka 1735, na mwaka 1954 Gardner akachapisha Witchcraft Today, kitabu chenye utangulizi wa Margaret Murray, mtaalamu wa Misri ya kale aliyekuwa akiieneza nadharia hiyohiyo ya dini iliyonusurika. Wanahistoria wameikataa nadharia hiyo. Ronald Hutton, katika The Triumph of the Moon cha mwaka 1999, ameonyesha kwa subira kubwa jinsi Wicca ilivyojengwa kutokana na ushairi wa Kiingereza wa karne ya kumi na tisa, ibada za vyama vya siri, elimu ya mila na desturi, na vipaji vya watu wachache waliokuwa hai wakati wa Gardner.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kusita hapa. Waumini wa Wicca hujiita wachawi kwa hiari yao, na kwetu tuhuma ya uchawi imewaua watu wengi, hasa vikongwe wa Usukumani, ambao kosa lao lilikuwa uzee na macho mekundu ya moshi wa jikoni. Wanachokusudia wafuasi wa Gardner ni kitu kingine: kuhani wa dini inayoabudu mungu wa kike na mungu wa kiume, na ambayo kanuni yake ya maadili inakataza kudhuru. Tena kuna jambo la kisheria linalotugusa moja kwa moja. Waingereza walipoifuta sheria yao kwao mwaka 1951, sheria za uchawi walizotunga Kenya mwaka 1925 na Tanganyika mwaka 1928 ziliendelea kutumika, na nchi huru zikazirithi. Uhuru uliomwezesha Gardner kuchapa kitabu haukuvuka bahari kuja kwetu.

Sasa tuingie ukumbini, maana Agizo halikuandikwa lisomwe kitini. Lina jukwaa lake. Wicca ya Gardner haina hekalu la kudumu. Chumba chochote kinafaa, au uwanda msituni. Mahali patakatifu hutengenezwa papo hapo, kwa mwendo na maneno. Kuhani mwanamke huchora duara hewani kwa kisu chenye mpini mweusi, duara ambalo kwa desturi ya Gardner lina kipenyo cha futi tisa. Maji huchanganywa na chumvi na kunyunyizwa, chetezo huzungushwa na moshi wa ubani, kisha pande nne huitwa, kuanzia mashariki: mashariki kwa hewa, kusini kwa moto, magharibi kwa maji, kaskazini kwa ardhi. Ibada ikiisha pande huagwa na duara hufunguliwa. Hekalu limejengwa na kubomolewa jioni moja. Hakuna jiwe lililobaki kushuhudia, kwa hiyo mzigo wote wa utakatifu umebebwa na lugha. Dini ya namna hii inahitaji maneno mazuri kuliko dini yenye minara na makuba, kwa kuwa maneno yakiwa mabovu hakuna kingine cha kuegemea. Valiente alilijua hilo. Gardner, nadhani, hakulijua vya kutosha.

Ndani ya duara hufuata tendo liitwalo Kushusha Mwezi. Kuhani mwanamume hupiga magoti mbele ya kuhani mwanamke, humbusu mahali patano mwilini kwa heshima, kisha humwomba mungu wa kike ashuke ndani yake. Kuanzia hapo mwanamke yule hazungumzi tena kwa jina lake. Akisema mimi, ni mungu anayesema. Wanaoijua ngoma ya pepo ya pwani yetu wataitambua hali hii mara moja, kwa sababu kiti naye hukopesha mdomo wake kwa nafsi nyingine. Tofauti iko katika maandishi. Pepo wa ngomani husema litakalomjia, akadai udi au kitambaa, akagombana na wenyeji. Mungu wa Wicca, kwa kawaida, husema maneno yaliyokwisha kuandikwa. Agizo ni hotuba ya kupandwa iliyotungwa mapema, na hapo ndipo penye ugumu wake wa kisanaa: lazima isikike kama inatoka juu sasa hivi, ingawa kila aliyesimama duarani ameisikia mwezi uliopita.

Valiente anautatua ugumu huo kwa kugawa sauti. Agizo halianzi na mungu. Linaanza na mtangazaji, yule kuhani mwanamume, anayewaamuru watu wasikilize maneno ya Mama Mkuu na kuyataja majina aliyoitwa zamani. Majina ni mengi na yamechanganywa kwa makusudi: Artemis na Aphrodite wa Wayunani, Astarte wa Wafoinike, Isis wa Misri, Cerridwen na Arianrhod wa masimulizi ya Wales. Yumo hata Melusine, ambaye si mungu kabisa bali ni mwanamke mwenye mkia katika hadithi za Ufaransa ya zama za kati. Mwanahistoria wa dini atakunja uso. Mhakiki atauliza orodha hii inafanya kazi gani, na njia nzuri ya kujibu ni kuilinganisha na iliyoitangulia.

Iliyoitangulia iliandikwa na Mwafrika. Apuleius, mzaliwa wa Madauros katika nchi inayoitwa leo Algeria, aliandika katika karne ya pili kisa cha Lucius, kijana aliyegeuzwa punda kwa uchawi. Katika kitabu cha kumi na moja cha kisa hicho, usiku wa mwezi mpevu ufukweni, Isis anamtokea Lucius na kumweleza jinsi kila taifa linavyomwita kwa jina lake. Pale majina yamefungwa kwa watu: taifa hili husema hivi, taifa lile husema vile. Mungu anayataja mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, na orodha inapanda hadi inafika kileleni kwa Waethiopia na Wamisri, ambao ndio wenye kulijua jina lake la kweli. Ni orodha yenye mshindi.

Orodha ya Valiente haina mshindi. Majina yamekatwa kutoka kwa mataifa yake na kusimama peke yake, mkufu wa sauti tupu. Isis, aliyekuwa kilele, sasa yumo katikati ya wenzake kama mmoja wao, na orodha inaishia kwa kukiri kwamba yako majina mengine mengi. Tena anayeyataja ni mtangazaji, kwa nafsi ya tatu. Mungu mwenyewe, akifungua kinywa, hatumii jina hata moja. Mpango huu una akili. Majina ni mali ya wanadamu na ya zamani. Sauti ni ya mungu na ya sasa. Mtangazaji anabeba historia yote yenye kubishaniwa, anaitua, na mungu anaanza akiwa mwepesi. Hata kosa la Melusine linabaki kwenye mabega ya mtangazaji.

Kisha linakuja fungu ambalo kwangu ndilo lenye mambo mengi kuliko yote. Mungu anawaambia watu wake wakusanyike mara moja kwa mwezi, hasa mwezi ukiwa mpevu, mahali pa siri, wapate kufundishwa. Anawaahidi uhuru kutoka utumwani, na kama alama ya uhuru huo wataabudu wakiwa uchi. Kisha wataimba, watacheza, watakula karamu, watapendana.

Fungu hili lilichukuliwa kutoka Aradia, or the Gospel of the Witches, kitabu cha mwaka 1899 cha Charles Godfrey Leland, Mmarekani aliyekuwa akikusanya mila za Italia. Leland alisema maandishi hayo alipewa na mwanamke wa Kiitalia aliyemwita Maddalena, na wasomi wamebishana tangu hapo kama ni mapokeo ya kweli au la. Vyovyote iwavyo, katika Aradia kukusanyika chini ya mwezi kuna sababu yenye makali. Diana anamtuma binti yake duniani awafundishe maskini, watumwa waliokimbilia milimani kwa ukatili wa mabwana zao. Anawafundisha jinsi ya kuwadhuru wanaowaonea, na sumu imo. Uchi ule ni alama ya uhuru, ndiyo, lakini umewekewa muda: utadumu mpaka mwonevu wa mwisho afe. Sentensi ya Leland ina adui na ina saa.

Katika Agizo alama imebaki, adui ameondoka. Kamba imekatwa mahali penye fundo. Watu wako huru kutoka utumwani, lakini utumwa gani, na nani bwana? Hatuambiwi. Kipimo cha muda nacho kimefutwa, kwa hiyo uchi uliokuwa ishara ya vita sasa ni desturi ya kudumu. Ni rahisi kuona kwa nini. Gardner alikuwa mwanachama wa klabu ya watu wanaopumzika bila nguo huko Bricket Wood, Hertfordshire, na kikundi chake kilikutana hapohapo. Waliosikia maneno haya miaka ya 1950 walikuwa watu wa tabaka la kati, wenye kazi na pensheni, wala hapakuwa na bwana wa shamba aliyekuwa akiwawinda. Kumwacha adui wa Leland ndani ya maandishi kungekuwa uongo vinywani mwao.

Hata hivyo nasema waziwazi kwamba hapa Agizo limepoteza kitu. Neno utumwa ni zito. Kwa wasomaji wa pwani iliyojua masoko ya Zanzibar na Bagamoyo, neno hilo halielei hewani bila mtumwa na bila bwana. Valiente ameliacha lielee. Anachopata badala yake ni upana: kila msikilizaji anaweza kuweka minyororo yake mwenyewe, iwe ndoa, kanisa, ofisi au aibu ya mwili. Wanawake wa Marekani waliolipokea Agizo miaka ya 1970 waliweka mfumo dume mahali pale palipoachwa wazi, na maandishi yakawapokea bila kupasuka. Pengo lile ndilo lililoliwezesha kusafiri, lakini bei yake ilikuwa hasira ya maskini wa Aradia, na sioni kwamba tunapaswa kujifanya bei hiyo haikulipwa.

Tuangalie vitenzi. Fungu zima linakwenda kwa wakati ujao unaobeba amri na ahadi kwa pamoja. Msikilizaji hawezi kuvitenganisha: akiambiwa watacheza, ameamriwa acheze au ametabiriwa kwamba atacheza? Kwa sababu hiyo furaha inapata uzito wa sheria. Katika dini nyingi amri huzuia. Hapa amri zinaruhusu, na takriri ya vitenzi vya starehe inajenga mdundo ambao miguu inaufuata kabla ya akili. Baada ya mfululizo huo linakuja kanusho moja kubwa: mungu huyu hataki kafara. Limewekwa mwishoni mwa sehemu ya kwanza, baada ya kuorodheshwa anavyovitoa, na lina nguvu kwa sababu limezungukwa na kutoa. Msikilizaji amekwisha kupewa vitu vingi hata swali la malipo limeanza kumjia mwenyewe, na jibu linamkuta njiani.

Maneno hayo ya mwisho, ya kutoa na ya kukataa kafara, yana alama za vidole vya mtu mwingine, Aleister Crowley, mshairi na mtu wa mazingaombwe mwenye sifa mbaya, ambaye alisema kitabu chake cha sheria alisomewa na sauti huko Cairo mwaka 1904. Gardner alikutana naye mwaka 1947, miezi michache kabla Crowley hajafa, na alikopa maneno yake kwa wingi katika Kitabu cha Vivuli, daftari la ibada ambalo kila aliyeingizwa hulinakili kwa mkono. Valiente aliingizwa na Gardner mwaka 1953. Alikuwa msomaji mkubwa, na mara moja akaitambua mikopo hiyo. Ameeleza mwenyewe, katika The Rebirth of Witchcraft cha mwaka 1989, kwamba alimkabili Gardner, na Gardner akamjibu kuwa kama anaweza kufanya vizuri zaidi basi afanye. Akafanya. Kwanza aliandika Agizo kwa beti zenye vina, kisha, kwa kuwa waliotakiwa kulisema walipendelea nathari, akaliandika upya kwa nathari. Hatua hii ya pili ndiyo iliyoliokoa. Vina vinamkumbusha msikilizaji kwamba kuna mshairi. Nathari yenye mizani iliyofichwa inamwacha amsikie msemaji.

Baada ya kanusho la kafara mtangazaji anarudi mara ya pili, kwa sentensi moja tu. Safari hii hatoi majina. Anatoa mwili: mwili mkubwa unaouzunguka ulimwengu, wenye nyota kuwa vumbi la miguuni. Tumetoka kwa Mama mwenye majina ya mataifa, tumefika kwa Mungu wa Nyota asiye na jina lolote. Na mungu anapoanza tena kusema, sarufi imebadilika.

Sehemu ya kwanza yote ilikuwa ya ninyi. Mkusanyike, mtacheza, mtakuwa huru. Sehemu ya pili inaanza kumwambia mtu mmoja: nafsi yako, inuka wewe. Kiingereza cha kale alichokichagua Valiente kina nafsi ya pili ya umoja tofauti na ya wingi, kama kilivyo Kiswahili, na yeye anaitumia tofauti hiyo kwa makini. Mahali pamoja wingi unarudi, kwenye sifa nane zilizopangwa jozi nne, kila jozi ikiunganisha ukali na ulaini, hadi ya mwisho inayomweka mwenye kicheko pamoja na mwenye uchaji. Hapo kikundi kinaitwa mara ya mwisho kwa pamoja. Baada ya hapo kila mtu anaachwa peke yake na sauti. Mungu anamgeukia wewe unayemtafuta na kumweleza kwamba utafutaji wake ni bure asipoijua siri moja: asichokipata ndani yake hatakipata nje. Kisha anafunga kwa kusema kwamba alikuwa naye tangu mwanzo na ndiye atakayefikiwa mwishoni mwa shauku.

Tazama alichokifanya. Hotuba imeanza na umati, majina, tarehe za mwezi na mahali pa siri, yaani kila kitu cha nje. Imeishia kwa mtu mmoja anayeambiwa kwamba vya nje havitoshi. Duara, kisu, chetezo, hata kuhani aliyesimama mbele yake akisema mimi, vyote vinawekwa pembeni na mdomo uleule unaovitegemea. Ibada inajikosoa kutoka ndani na hata hivyo haiporomoki, kwa sababu ukosoaji huo unatoka kwa mungu wa ibada yenyewe. Sijui liturujia nyingi za karne ya ishirini zenye ujasiri wa namna hii.

Hapa yafaa kusema jambo kuhusu matoleo ya baadaye. Mwaka 1979 Starhawk, Mmarekani, alichapisha The Spiral Dance, kitabu kilicholipeleka Agizo kwa maelfu ya wasomaji, likiwa limevuliwa Kiingereza chake cha kale. Nia ilikuwa njema. Lakini Kiingereza cha leo kina neno moja tu kwa wewe na ninyi, na lile geuko la kutoka kwa umati hadi kwa mtu mmoja likapotea bila mtu kuligusa. Atakayelitafsiri Agizo kwa Kiswahili siku moja ataweza kulirudisha pasipo juhudi, maana sarufi yetu italidai.

Kuhusu Kiingereza hicho cha kale, wapo wanaokidharau wakisema ni vazi la maigizo: dini ya mwaka 1954 ikijifunika joho la Biblia ya mwaka 1611. Shutuma hiyo ina ukweli nusu, na Wicca yenyewe imetupa kipimo cha kuutenganisha ukweli huo. Mwaka 1957 kikundi kiligombana juu ya Gardner kupenda magazeti. Valiente na wenzake walipendekeza kanuni za kudhibiti utangazaji. Gardner akawajibu kwamba kanuni zipo tayari, akawapelekea Sheria za Kale ambazo hawakuwahi kuziona, zilizoandikwa kwa Kiingereza cha kale cha kubahatisha. Moja ya sheria hizo ilimtaka kuhani mwanamke ajiondoe kwa hiari wakati ukifika, ampishe mwanamke kijana. Valiente akaondoka na wenzake.

Yaweke maandishi hayo mawili pamoja. Yote yamevaa ukale, na yote yana wakati ujao wa amri. Katika Agizo ukale unafanya kazi: unampa mwandishi nafsi ya pili ya umoja, unaipa nathari mizani, unatenganisha sauti ya mungu na mazungumzo ya sebuleni. Katika Sheria ukale una kazi moja, kuficha tarehe. Ukiivua Sheria mavazi yake kinabaki kikao cha mzee anayetaka kushinda ugomvi. Ukilivua Agizo, kama alivyofanya Starhawk, linapungua lakini linaishi. Hiyo ndiyo hukumu yangu juu ya suala la uzushi wa kale katika Wicca: kilichotungwa jana hakiwi batili kwa kutungwa jana. Tuulize lugha yake inamtumikia nani.

Udhaifu mwingine wa Agizo uko katika jukwaa lake. Sauti ni ya mungu wa kike, kinywa ni cha mwanamke, mwandishi ni mwanamke. Lakini mwanamume ndiye anayemwomba ashuke, ndiye anayefungua hotuba, ndiye anayeingia katikati. Kuna anayeona hapo ulinganifu mzuri wa jinsia mbili, na ndivyo Gardner alivyofundisha. Mimi naona mlango ambao ufunguo wake umewekwa mfukoni mwa mwingine, na sheria ile ya kumpisha kijana inaonyesha ufunguo huo ungeweza kutumikaje. Vikundi vya wanawake peke yao, kama kile alichokianzisha Zsuzsanna Budapest huko Los Angeles mwaka 1971, vilimwondoa mtangazaji wa kiume kwa kutomkaribisha tangu mwanzo.

Kanuni ya maadili iliyoenea kutoka kwa Valiente mwaka 1964 ina umbo linalofaa kuonwa haraka. Ni sentensi ya maneno manane, yenye sharti la kutomdhuru yeyote likitangulia na ruhusa ya kufanya utakalo ikifuata. Nusu ya pili ni mwangwi wa Crowley. Valiente, au yeyote aliyeiunda, ameweka bawabu mlangoni. Agizo halina sharti kama hilo kwa maneno hayo, ila linasema kwamba sheria ya mungu ni upendo kwa viumbe vyote, na kwa utaratibu wa Agizo hilo latosha.

Kalenda sitaikalia sana. Gurudumu la Mwaka lina sikukuu nane: mbili za jua kusimama, mbili za usiku kulingana na mchana, na nne za katikati, kuanzia Samhain ya tarehe 31 Oktoba. Ni umbo zuri, lenye ulinganifu, na limefungwa kwa majira ya England. Waumini wa Australia na Afrika Kusini hulisogeza miezi sita. Kwa anayeishi karibu na ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki kwa kiasi cha kuhisiwa na mwaka hugawanywa na masika na vuli, gurudumu hilo halina barabara. Mwezi mpevu wa Agizo, kinyume chake, huonekana Nairobi sawa na Brighton. Sidhani Valiente aliliwazia hilo, lakini maandishi yake yamevuka mipaka ambayo kalenda haikuivuka.

Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu wapatao 13,000 waliojiandika kuwa wa Wicca katika England na Wales. Marekani, mahakama ya rufaa ilikubali mwaka 1986, katika kesi ya Dettmer dhidi ya Landon, kwamba hii ni dini inayostahili ulinzi wa katiba, na mwaka 2007 serikali ikaruhusu nyota yao ya pembe tano ichongwe kwenye makaburi ya wanajeshi. Ni dini ndogo yenye maandishi machache mazuri na mengi ya kawaida. Kitabu cha Vivuli chenyewe kwa sehemu kubwa ni viraka, na viraka vingine vimeshonwa vibaya. Agizo nalo ni viraka: Apuleius kwa mbali, Leland, Crowley. Tofauti ni kwamba hapa mshonaji alijua kila kipande kimetoka wapi, kipi akigeuze na kipi akitupe. Kwa hilo Doreen Valiente anastahili kuhesabiwa miongoni mwa waandishi wakubwa wa liturujia wa karne yake, na wanaofundisha fasihi ya kidini katika vyuo vyetu wasiogope kumweka kwenye orodha ya kusomwa kwa sababu tu ya jina la dini yake.

Anayetaka kuanza asianze na vitabu vya historia. Atafute Agizo la nathari la Valiente, aweke kando yake sura ya kwanza ya Aradia na kitabu cha kumi na moja cha Apuleius, asome vyote vitatu kwa sauti usiku mmoja, na atie alama kwa kalamu kila mahali ninyi inapogeuka wewe.